Vikopo vya Ulaya Havirudi Vitupu

Bibi, shikamoo kutoka Mikumi.

Kadi ina twiga kwa sababu dukani hawauzi picha ya kazi yetu, ambayo ni kutafuta vijidudu vya kwenye chakula vinavyofanya watu waharishe.

Juzi niligawa vikopo vyeusi vya filamu za kamera kule Ulaya, si kwa Wazungu bali kijiji cha jirani na hapa Mikumi, kila nyumba kimoja, nikaeleza kwamba anayeharisha aweke choo kidogo humo. Leo Mama Zuhura, mkulima wa huko, amenirudishia chake kwa mikono miwili. Nikamuuliza nani anaumwa.

"Hakuna anayeumwa, mwanangu. Lakini chombo cha mgeni nitakirudishaje kitupu?"

Ndani mlikuwa na karanga za kukaanga. Kumbe majirani zake nao wana adabu.

Sasa vikopo thelathini vimepangwa mezani, vyote vimefungwa, vyote vinafanana. Daktari wetu alifungua cha kwanza akakuta asali, akachovya, akalamba, akafurahi. Cha pili alikifungua akiwa ameshatanguliza kidole. Mpaka ninapoandika hapa bado ananawa.

Kaa salama, Bibi yangu. Bakuli lako likirudi na kitu kutoka kwa jirani, kitazame kwanza ndipo ushukuru.

Mjukuu wako,
Neema