Mama Juu ya Beseni

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la miwani.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na mapacha wetu wakiendelea kung'oa vitasa vya milango. Koo lako limepona? Uliposema kwenye simu kwamba baridi ya huko inakupasua midomo, nilitamani nikufungie jua kidogo ndani ya bahasha. Sisi huku hatujambo. Mimi ndiyo kabisa, sijambo mpaka naona haya.

Dada, ndoa ni tamu! Najua unacheka, cheka tu. Fundi wangu anarudi jioni ananuka friji za watu alizoshinda akizitengeneza, nami namnusa kama ua. Ananikata kucha za miguu huku akiimba vibaya. Chai anayonitengenezea ina sukari ya kumtoa nyuki mzingani, nami nainywa yote, maana ameikoroga yeye.

Matokeo yake, sketi yangu ya kazini imegoma. Juzi juzi nilikuwa nimelala chali kitandani nimebana pumzi, yeye anavuta zipu kama mtu anayefunga gunia. Akashindwa, akakaa chini. "Mke wangu," akasema, "ama tununue sketi, ama tuitoe ile mashine uvunguni."

Ile mashine. Hapo ndipo penye barua yangu, Dada. Nimeruka tawi hadi tawi, chiriku mie, kwa sababu naogopa kutua.

Ni ile mashine ya gemu la mazoezi uliyomtumia mama, pamoja na ubao wake wa kukanyagia. Iliondoka nami. Siku ya kuhama mama alikuwa kwenye cherehani yake, akaniona naitazama. "Ichukue, Chiriku," akasema, "mimi hata kuiwasha sijui." Ningeweza kumwonyesha. Ni vitufe viwili tu. Badala yake niliiviringishia shuka na kuipakia garini huku nacheka, maana mpenzi wangu alikuwa ananiita.

Basi tukaitoa uvunguni, tukaipangusa vumbi. Mwili ulikuwa haujasahau kitu: kupanda ubao, kushuka, kusimama kwa mguu mmoja mikono juu, kisha kurusha ngumi hewani. Yale yale tuliyokuwa tukifanya mimi na mama kila asubuhi kabla hajakaa kwenye cherehani, kwa kuwa daktari alisema miguu yake ikizoea kukaa tu itamsaliti. Fundi wangu alijaribu mguu mmoja, akaangukia kapu la nguo. Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Kumbe furaha nayo inaongezeka juu ya furaha!

Kisha mwalimu wa kwenye skrini akauliza swali. Ana umbea yule: ukicheza wewe, anakudadisi habari za mwenzako mliyekuwa mkicheza naye. Ikatokea katuni ya mama, yenye ile miwani mikubwa niliyomchagulia mwenyewe. Umemwona hivi karibuni? Anaonekanaje? Amepungua, amenenepa, au yuko vile vile?

Sikuwa nimemwona, Dada. Tangu harusi nilikuwa nampigia simu tu, tena mkono mmoja ukiwa kwenye sufuria. Hata alipotuambia ametegua mguu kwa kuteleza bafuni, nawe ukanisihi nimnunulie mkeka wa mpira, mkeka niliununua, lakini aliyeupeleka ni fundi. Naye fundi sasa alikuwa amesimama hapo hapo kando yangu, akiitazama skrini. Nikabonyeza "yuko vile vile."

Nafsi ilinisuta tangu dakika ile. Kazini nilimkabidhi mteja miwani ya mtu mwingine, akaivaa, akasema ananiona wawili na wote wamenuna. Ilipofika Jumamosi nikaenda kwa mama.

Nilimkuta anachechemea kidogo huku akijitahidi asionekane anachechemea. Nyuma ya mlango kulikuwa na lile beseni la bluu la kufulia, limepasuka katikati. Nikamuuliza limepatwa na nini. Akasema limezeeka.

Jirani wa mlango wa pili, aliyekuja kufupishiwa gauni, hakuweza kujizuia. "Limezeeka wapi! Mwulize mama yako, beseni ni la kufulia au la kupanda?"

"Wewe nawe," mama akasema, "huo mdomo nitaushona kwa uzi wa jinzi."

Dada, mama hakuacha mazoezi. Kila asubuhi alikuwa anapindua beseni mbele ya runinga iliyozimwa, anapanda na kushuka, anajihesabia kwa sauti kama mwalimu wa gemu, kisha anasimama kwa mguu mmoja. Alisema runinga ikiwa imezimwa inamwonyesha kivuli chake, na pembeni pake alikuwa ananiachia nafasi kama kawaida. Siku moja beseni likampasukia. Bafuni hakuteleza mtu.

Aliniomba nisikwambie, usije ukanigombeza na ndoa yangu bado mbichi. Nimeshindwa kunyamaza. Ukitaka kugomba, gomba na mimi. Yeye mwache.

Nilirudi nyumbani nimevimba macho, nikamsimulia fundi wangu. Nilimhurumia naye, maana ile saa yetu ya kuruka pamoja alikuwa ameanza kuipenda kuliko chai. Kabla sijamaliza alikuwa ameshachomoa nyaya. "Tukitaka kuruka, tutarukia kwa mama," akasema. "Angalau yeye atanicheka kwa adabu." Sasa Dada, mume kama huyu nisimsifu?

Jana hiyo hiyo, jioni, tukairudisha. Mama aliufuta ubao kwa upindo wa gauni lake, akamshika mkwewe bega, akapanda taratibu. Nikamwekea kidole kwenye rimoti: hapa unawasha, hapa unachagua. Akaelewa mara moja. Mara moja tu, Dada! Ndicho kilichoniumiza kuliko beseni.

Mwalimu naye hakuacha umbea wake, akaleta katuni yangu. Nikamsomea mama swali. Umemwona huyu hivi karibuni? Amepungua, amenenepa, au yuko vile vile?

Mama alinikagua kuanzia kichwani hadi kwenye sketi, nilikoziba zipu kwa pini. "Hawakuweka 'ameolewa'?" akauliza. Fundi akaangua kicheko. Kisha mama akabonyeza mwenyewe, bila kusaidiwa: yuko vile vile.

Nilisingizia kuchemsha maji, nikakimbilia jikoni.

Kesho kabla ya kazi nitapitia kwake, na keshokutwa pia. Nataka jibu alilonipa mama liwe kweli.

Msalimie sana shemeji, umwambie fundi anamsubiri kwenye ngumi za hewani. Wabusu mapacha, kila mmoja shavu lake, wasigombane. Mama anakusalimu, nimemwambia nakuandikia, ila si yote. Mungu akulinde na baridi hiyo, akurudishe kwetu miguu yako na ya mama ikiwa na nguvu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuomba radhi,

Chiriku.

Nilisahau: nimemnunulia mama beseni jipya. Nimemwapisha kwamba ni la kufulia tu.