Kabla Hujaja Kumchukua Mama

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumatano mchana

Mpendwa Kaka,

Shikamoo, hata kama nimekasirika. Hujambo? Wifi hajambo? Na ule mgongo wako, umeukanda au bado unajifanya kijana? Sisi huku tu wazima. Mama anatembea, mguu sasa unamfikisha mlangoni bila kushikwa. Ningependa niendelee na salamu mpaka chini ya ukurasa, lakini roho haijatulia, basi niingie kwenye jambo lenyewe.

Ujumbe wako wa jana nimeupata. Unasema Jumamosi unakuja kumchukua Mama akaishi kwako, kwa sababu mimi namfanyisha kazi mgonjwa. Nilipousoma niliiweka simu chini, nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu unanikatiza, halafu nalia, halafu unashinda. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Alichokuambia Shangazi ni kweli. Mama anafanya kazi na mimi. Ila Shangazi aliona lile jeneza tu, mengine hakuyaona.

Kazi yangu unaijua, ingawa watu wakikuuliza unasema niko kwenye mambo ya simu. Mimi ni mshauri, Kaka. Wenye biashara ndogo wananikabidhi kurasa zao za mitandao, nawapangia nini kiandikwe, kitoke lini, na nani ajibiwe. Vifaa vyangu vyote ni vya bure. Kuna programu ya kutengenezea picha, kuna nyingine ya kupanga posti zijitume zenyewe saa ninayotaka, na kuna ubao wa kazi wenye safu za Bado, Inafanyika na Tayari. Kila kazi ni kadi, na ikiisha unaiburuta kwa kidole mpaka safu ya mwisho.

Mama alipotoka hospitali na kile kiharusi, yule dada wa mazoezi ya viungo alimpa mpira wa kuminya. Mama aliutazama kama umemtukana. Mwanamke aliyepiga chapa barua za ofisi nzima mpaka akastaafu, leo anaambiwa aminye mpira! Aliutupa chini ya kabati. Siku moja nikiwa nahangaika na mteja, nikasikia "Eh!" nyuma yangu. Alikuwa ameona kosa kwenye skrini, herufi imeruka. Nikamsogezea kiti. Akajaribu kuburuta kadi kwa mkono uleule uliolala. Ikamponyoka. Akarudia, na akarudia tena, mpaka chai ikapoa. Kadi ilipofika Tayari alinitazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu augue.

Basi nikamwandikisha kwenye programu kama mtu wa pili. Mimi naandika, yeye anasoma, na akiridhika anabonyeza kuruhusu posti itoke. Maneno nayo yakaanza kurudi, moja moja. "Bado." "Futa." "Hapana." Usicheke, hilo la mwisho naambiwa kuliko yote.

Sasa tuje kwenye kosa. Ile programu ya bure inakubali kurasa tatu tu, na mimi nilikuwa na wateja wanne. Kwa hiyo daktari wa meno na fundi wa majeneza walikuwa wanakalia kiti kimoja: namtoa huyu, namwingiza yule, zamu yake ikiisha nabadilisha. Ni ubahili, nakubali, lakini kila mwenye kazi kama yangu ana ujanja wake wa namna hii. Jumatatu nilimwingiza daktari mapema, na tangazo la fundi wa majeneza lilikuwa bado linangoja kuruhusiwa kwenye kiti kilekile. Fundi bomba akapiga hodi, nikaenda kumwonyesha sinki la jikoni linalovuja. Mama huku nyuma akalisoma lile tangazo, akaona halina kosa, akabonyeza.

Ukurasa wa kliniki ya meno, wenye nembo ya jino linalocheka, ukatoa picha ya jeneza linalong'aa. Chini yake: "Usisubiri dakika ya mwisho. Tunapima kwa uangalifu, na kazi yetu ni ya kudumu."

Watu hawana huruma jamani. "Kumbe ganzi yenu ni ya moja kwa moja!" aliandika mmoja. Mwingine akauliza kama kung'olewa jino na kuzikwa ni huduma ya pamoja. Kabla sijaifuta ilikuwa imeshazunguka kwenye makundi, na huko ndiko Shangazi alikoikuta, akanipigia, nami nikamweleza kazi ya Mama. Fundi wa majeneza yeye alifurahi mno, anasema hajawahi kupigiwa simu nyingi vile. Daktari hakucheka. Alikuwa na mgonjwa kitini, mgonjwa akaiona kwenye simu yake, akainuka akaondoka na pamba mdomoni.

Jana daktari alikuja mwenyewe hapa. Alisimama mlangoni, kukaa hakutaka.

"Nani alibonyeza?"

Nikasema kosa ni langu, kurasa nilizichanganya mimi, na ndivyo ilivyo. Lakini Mama akainua ule mkono wake, taratibu, kama mtoto darasani.

"Mimi."

Daktari akamtazama, akanitazama, sauti ikashuka. Si mtu mbaya, Kaka. Akasema ananihurumia, ila hawezi kulala huku jina lake liko mikononi mwa mgonjwa. Ukurasa ataniachia, kwa sharti kwamba nimtoe Mama kwenye programu papo hapo, naye akiona.

Nikasema sawa. Ndiyo, nilisema sawa, kwa sababu yeye ndiye mteja wangu mkubwa na ndiye anayeniwezesha kufanya kazi humu ndani nikiwa na Mama. Nikalifuta jina la Mama huku daktari anatazama. Mama akainuka mwenyewe, akaingia chumbani, akalala na viatu vyake akiwa amegeukia ukuta. Chakula hakukigusa. Nikimwuliza kitu ananijibu kwa kichwa. Yale maneno yote tuliyoyaokota moja moja yalikuwa yamekwenda wapi? Niliogopa, Kaka. Niliogopa kuliko siku ile ya hospitali, maana siku ile si mimi niliyemfanya vile.

Leo asubuhi nimempigia daktari nikamwambia atafute mtu mwingine. Akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia sina uhakika. Kisha nikalirudisha jina la Mama, nikampelekea kompyuta palepale kitandani. Alinitazama kwa hasira, nami nikakubali kutazamwa. Baadaye akaomba miwani.

Tumebaki na wateja watatu, kila mmoja na kiti chake. Itabidi tujibane, na sijui tutajibana mpaka lini. Najua nimekupa sababu nyingine ya kuja kumchukua. Nimekueleza mwenyewe ili usiletewe tena habari na Shangazi, zikiwa zimetiwa viungo.

Sisemi kwako ni pabaya. Kwako kuna nafasi, kuna utulivu, na Wifi moyo wake naujua. Mtamweka Mama kwenye kiti kizuri karibu na dirisha, hatakosa kitu, na hakuna atakayemruhusu hata kunyanyua kikombe. Hicho ndicho kinachoninyima raha. Ukitaka kunigombeza, njoo unigombeze, nitakupikia na tutagombana tukiwa tumeshiba. Lakini kabla hujafungasha nguo zake, kaa naye asubuhi moja tu akiwa kazini.

Msalimie sana Wifi, mwambie kitambaa chake nimekiona, nitakituma. Mwanao mkubwa mwambie mimi shangazi yake namwombea kwenye mitihani. Kitindamimba mbusu mashavu yote, na umwambie aache kunitumia picha za buibui. Mungu akulinde njiani, akufikishe salama, na akupe masikio ya kusikia.

Neno la mwisho, kisha namaliza. Nimemwambia Mama kwamba Jumamosi unakuja, na kwamba unataka aende akaishi kwako. Nimemwambia bila kutia chumvi, naapa.  Akaniuliza, polepole, kwa taabu:

"Kwake... kuna kazi?"

 Ukija, Kaka, mjibu wewe.

Mdogo wako anayekupenda, hata leo.