Dawa ya Zawadi

Jumanne, Mtoni

Zawadi tena! Leo maabarani mimi na yeye tumetoa vipande vyetu vya mpira wa mkojo kwenye maji yenye bakteria. Vyangu vimejaa utelezi wa bakteria. Vyake, alivyovipaka dawa inayokataa maji, havijashikwa na kitu.

"Hongera, Zawadi!" mwalimu wetu akasema. Nikapiga makofi, roho inaniuma. Mie nimehangaika na dawa yangu mwaka mzima.

Njiani nikawa naomba jaribio lake la pili lifeli.

Nyumbani nikamkuta mama ana homa, mpira wake wa mkojo umeziba tena.

"Mwanangu, hiyo dawa yenu bado?"

"Inakaribia, mama. Zawadi ndiye kaipata."

"Alhamdulillahi. Mungu ambariki sana huyo binti."

Hata dua ya mama yangu kaichukua yeye.