Chai kwa Mama Vifungo

Tarehe 6 Januari

Mchumba wangu,

Salamu nyingi, uzipokee kwa mikono miwili. Hujambo? Kile kifua kimepona? Mimi sijambo, ila magoti yanalia kama pedali isiyotiwa mafuta. Bibi yako mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Anasema niache kukuita mchumba, nakuharibia soko.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, usicheke. Shule nilipita mlangoni tu, nikienda kutengeneza cherehani ya mke wa mwalimu.

Haya, nipe habari za sanduku langu. Nimekuachia bisibisi zote na wateja wote, mwaka umekatika, na wewe kila barua "kazi inaendelea, Babu," kama daktari anayemficha mgonjwa. Mama Vifungo hajambo? Yule ndiye mteja wangu wa kwanza, tangu mama yako hajaota meno. Cherehani zake nazijua kwa sauti. Siku moja nimesimama ng'ambo ya barabara, malori yanapita, nikamwambia jamaa niliyekuwa naye kwamba ile mashine ya dirishani sindano yake imepinda. Tukavuka, tukaangalia. Imepinda. Kama huniamini muulize huyo jamaa, ingawa alishakufa.

Nijibu kirefu.

Babu yako, fundi wa mafundi


Tarehe 19 Januari

Shikamoo Babu. Bibi naye mpe shikamoo yangu.

Natumai magoti yamepoa. Kifua changu kimepona, sasa ni miguu. Kila asubuhi nazunguka mjini kutafuta wateja wapya. Napanda ngazi, nagonga milango, naacha namba yangu ya simu. Mchana ndio wa kuhudumia wateja wako wa zamani. Shida ni kwamba huo mchana haufiki.

Nimepata karakana moja ya kushona mashuka. Vyumba viwili vimejaa cherehani, Babu, ungefurahi. Meneja anataka kunijaribu kwanza, na akiniita anataka nifike saa hiyo hiyo. Nikiipata hiyo nimetoka. Lakini nikiwa kule simu inalia mfukoni, ni mteja wa zamani, namwambia kesho. Kesho yake namwambia tena kesho. Mama Vifungo ana sare za shule za kushona na ovaloki yake ya kufungia kingo za nguo inaruka nyuzi. Nilimwomba avumilie, akakata simu sijamaliza neno.

Naogopa. Mafundi nguo wote wa mtaa ule walijifunzia kwake. Akinihama yeye, watanihama wote. Na nikiacha kutafuta wapya pia nimekwisha, maana hawa wa zamani wanazeeka, wawili wameshafunga maduka.

Wewe ulifanyaje? Nilishinda nawe utoto wangu wote, sikukuona hata siku moja ukitafuta mteja.

Mjukuu wako


Tarehe 2 Februari

Mchumba,

Hujambo na miguu yako? Iloweke kwenye maji ya chumvi, na uache kugonga milango ya watu kama mgambo. Sisi wazima. Bibi yako kaenda kliniki kupimwa presha, ndiyo maana naandika kwa raha.

Mimi nitafute mteja? Wateja ndio walinitafuta. Kuna siku walinigombania wawili mlangoni kwangu, mmoja kanishika mkono huu, mwingine ule, shati likapasuka katikati. Nikaenda kutengeneza cherehani ya wa kwanza, nikashonea shati langu hapo hapo, nikafika kwa wa pili nimependeza kuliko nilivyotoka nyumbani.

Sasa sikia siri, usimpe mtu. Siri ni Alhamisi. Siku hiyo sanduku langu lilikuwa linalala nyumbani. Nakwenda kwa mteja wa zamani mikono mitupu. Nakaa, nakunywa chai, nasikiliza mashine zikifanya kazi. Ukienda na sanduku, mtu anaona umekuja kutafuta ubovu. Ukienda mikono mitupu, umekuja kwake yeye. Basi. Hakuna kingine, na wateja wakamiminika mpaka nikawa natokea mlango wa nyuma.

Alhamisi hii nenda kwa Mama Vifungo. Usibebe hata bisibisi.

Babu yako, aliyekimbiwa na mvua lakini hakukimbiwa na mteja


Tarehe 12 Februari

Shikamoo Babu, shikamoo Bibi.

Sijambo, lakini nitaandika kifupi kwa sababu nina hasira.

Nimekwenda Alhamisi, kama ulivyosema. Mikono mitupu. Nimefika nimekuta ovaloki imekufa kabisa, sare zimerundikana mpaka kwenye viti, wasichana wamekaa wanatazama kucha zao. Mama Vifungo akaniangalia mikono, akauliza sanduku liko wapi. Nikamwambia leo nimekuja kunywa chai.

Babu, wasichana wote waliacha kucha zao, wakanitazama mimi.

Mama Vifungo alinyanyuka mwenyewe, akamimina chai, akaiweka juu ya ile ovaloki iliyokufa. Akaniambia, "Kunywa, mwanangu. Ukimaliza, nitafutie fundi."

Mjukuu wako


Tarehe 20 Februari

Mchumba wangu mwenye hasira,

Hujambo? Mimi nilikuwa sijambo mpaka barua yako ilipofika. Nimecheka mpaka nimeletewa maji, na maji nayo yakanitokea puani.

Mwanamke wewe, mikono mitupu ni kwa mashine nzima. Kwa mashine iliyokufa unakwenda na sanduku na machozi. Nilidhani hilo halihitaji kuandikwa.

Bibi yako lakini hakucheka. Kaisoma barua yako, kaikunja, kaniuliza nilikuambia nini hasa. Nikamweleza. Akasema, "Umemwambia nusu." Nusu ipi nyingine, hataki kusema, kaondoka zake kuanika nguo.

Ulikunywa ile chai? Ukaondoka? Mama Vifungo kasema nini? Huwezi kumwachia mzee hadithi mlangoni.

Babu yako


Tarehe 9 Machi

Mjukuu wangu,

Salamu. Sisi wazima. Postamasta anasema hakuna barua yangu, nimemwambia atazame tena chini ya meza.

Kama umempoteza Mama Vifungo, niambie tu. Sitakugombeza. Nitamwambia kila mtu kwamba amehama mji.

Babu yako


Tarehe 24 Machi

Shikamoo Babu. Shikamoo Bibi, na hii barua Babu akusomee yote bila kuruka.

Nisameheni ukimya. Nilikuwa nafanya kazi, na safari hii ni kazi kweli.

Ile chai niliinywa yote, ilikuwa ya moto, ikaniunguza ulimi, sikuthubutu kuiacha. Halafu nikakimbia nyumbani kuchukua sanduku. Njiani meneja wa mashuka akapiga simu, nifike sasa hivi. Nikamwambia leo siwezi, niko kwa mteja wangu. Akauliza, "Mteja gani huyo anayenishinda mimi?" Nikakata simu. Hakunipigia tena, kampata fundi mwingine. Nililia kidogo, nikala, nikalala.

Lakini ovaloki ilifufuka, na nikarudi siku zilizofuata kukata nyuzi na kupiga pasi sare zile hadi zikaondoka zote. Mama Vifungo hakusema asante. Alisema, "Alhamisi chai ipo."

Sasa hapa, Babu, kaa chini. Alhamisi nimekwenda, mikono mitupu, mashine zote zinanguruma vizuri. Nikamuuliza Mama Vifungo, "Babu yangu aliwapataje wateja wote wale?" Aliweka mkasi mezani ndipo akacheka, akiogopa kujikata. Akaniambia, "Babu yako alikuwa anatengeneza. Aliyekuwa anatafuta ni bibi yako."

Kumbe Bibi akiwa kwenye foleni yoyote, kliniki, bombani, posta, alikuwa anainama kama anafunga kiatu, anatazama pindo la sketi ya aliye mbele yake. Akiona mshono unaruka, au uzi umejikunjakunja kwa chini, anajua cherehani iliyoshona inaumwa. Anainuka, anasifia nguo, anauliza imeshonwa wapi. Jioni anakutajia duka, na wewe kesho yake unapita mlangoni na sanduku lako ukipiga mluzi, unadhani bahati ndiyo imekupeleka.

Kwa hiyo mlikuwa wawili. Mimi niko mmoja, na mwaka mzima nimejilaumu kwa nini sitoshi watu wawili.

Nimeacha kugonga milango. Kila Alhamisi nakaa kwa Mama Vifungo karibu na mlango. Watu wanaleta nguo zilizoshonwa kwingine, za kupunguzwa au kuongezwa. Mimi nina kikombe mkononi, na macho yangu yapo kwenye mapindo. Masikio nayo yanasikiliza mashine zake. Nimeshapata maduka mapya mawili, na mteja wa zamani sijamwambia kesho tangu mwezi uanze. Si karakana ya mashuka. Lakini usiku nalala, na nikiamka najua naanzia wapi.

Nakutumia suruali, ameishona Mama Vifungo mwenyewe. Anasema kiuno amekikumbuka, tumbo amelikisia.

Mjukuu wenu


Tarehe 8 Aprili

Mchumba,

Hujambo? Sisi wazima kuliko wazima. Barua yako nimeisoma kwa sauti, na pale pa kufunga kiatu nilijaribu kuparuka, Bibi yako akanirudisha kama mwalimu.

Mama Vifungo anatia chumvi. Ukweli ni kwamba kuinama nilimfundisha mimi. Kabla ya kunijua mimi alikuwa hainami kabisa, alikuwa anatembea wima kama mlingoti.

Bibi yako kasoma hapo juu, kasema nifute. Sifuti, kalamu hii haina kifutio. Nikamuuliza, "Mbona miaka yote hukuniambia ni wewe?" Akasema, "Ulikuwa unarudi nyumbani na furaha ya mtu mwenye bahati. Ningekuchukulia ya nini?" Hapo nilikohoa, nikasingizia vumbi.

Jamaa wa jirani nao nimeshawaeleza kwamba mjukuu wangu anatafuta wateja na kuwatunza kwa kikombe kimoja cha chai. Nimewaambia ni mbinu yangu. Nusu ni kweli.

Suruali imefika. Tumbo Mama Vifungo amenionea, lakini nikivuta pumzi linaingia. Mara ya kwanza sikuwahi hata kupitisha mguu wa pili, Bibi yako alishaikamata, akaligeuza pindo ndani nje, akaenda nalo mpaka dirishani kwenye mwanga. Akalikuna kwa ukucha. Akasema ile ovaloki imeanza tena kuruka, kidogo kidogo, Mama Vifungo mwenyewe bado hajaona.

Kwa hiyo, mke wangu mdogo, barua hii ikikufikia usiulize leo ni siku gani. Nenda, na sanduku ubebe. Chai mtakunywa mashine ikishapona.

Babu yako, na bibi yako aliyesimama nyuma ya bega langu kuhakikisha nimeandika