Paa Lisilopiga Kelele

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Kwa bahati mimi sina mpinzani kijiji kizima cha Daudi! Lori letu la kwenda Zambia limepinduka Mikumi mara mbili, nimetoka hata kofia haijadondoka. Na lile tope la Katesh, Desemba ya 2023 — limebeba nyumba, ng'ombe, watu — mimi niko zangu Tunduma nakula chipsi kuku. Dada Hilda ndiye alikuwa pale. Kashika mlango, mlango ukaondoka naye. Akatoka hai. Irene wake, miaka minne, hakutoka.

Sasa dada anakaa kwangu, huku juu. Nesi Agatha wa zahanati kanipa hili daftari, ati niandike siku anazolala na siku anazokataa. Kusoma hatasoma yeye, nitamweleza kwa mdomo. Mwandiko wa mtu aliyeishia la sita, atadhani kuku wamepita!

Mvua ziko njiani. Mwaka jana, ya kwanza tu, dada alitoka mbio. Siku mbili tunatafuta. Tukampata Dongobesh, miguu imechanika, anauliza watu kama mtoto ameshakula. Mwaka huu hatoki. Naapa.

Jumatano, 12 Novemba

Shikamoo dada. Marahaba. Basi, hotuba ya leo imeisha.

Kidonge kameza. Nimemwambia, kule Lusaka vidonge hivi wanatafuna kama pipi, wanaume kwa wanawake. Hakucheka, ila alinitazama kama mtu anayemjua muongo wake.

Kalala saa nne. Kaamka saa nane. Kalala tena saa tisa na nusu. Saa kumi kajigeuza ukutani.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimepata akili! Ubaya wote ni bati. Mvua ikipiga bati unasikia ngurumo ile ile, ya mawe yanakuja. Binadamu gani atakaa ndani? Babu yetu aliishi kwenye tembe, udongo juu ya paa. Inyeshe wiki nzima, ndani kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Nikapanda juu ya chumba cha dada. Mabua ya mahindi kwanza, juu yake udongo mkavu, ndoo kwa ndoo. Mgongo wangu! Jirani, mzee Bura, akasimama njiani na fimbo yake. Shikamoo mzee. Marahaba. Akatazama weee.

— Onesphory, naona unazika nyumba. Imekufa lini?

— Huu ni uinjinia, mzee. Zambia ndivyo wanavyojenga.

— Zambia! Babu yako siku aliponunua bati alichinja kondoo. Wewe unampandishia tembe lake juu ya bati!

Akaenda zake anacheka peke yake.

Lakini dada — dada alitoka jikoni akanipokeza ndoo tatu. Kwa mkono wake! Tangu Agosti hajashika kazi. Nilijifanya sijaona, nisije nikamharibia.

Jumanne, 18 Novemba

Mawingu tu. Nesi Agatha kapita na pikipiki. Nikamsomea saa zote: saa hii kalala, saa hii kaamka. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, na wewe saa zote hizo ulikuwa unafanya nini? Nikamwambia mlinzi halali, nesi. Hakucheka. Wanawake wa mwaka huu wana shida gani?

Alhamisi, 20 Novemba

Imenyesha.

Saa tisa mchana, kubwa. Nikakimbilia chumbani kwa dada, nikafunga mlango. Kimya! Nikakaa naye kitandani, tunakula viazi kwenye sahani moja. Dada akauliza, mbona leo husemi? Nikamwambia nasikiliza. Akasema, unasikiliza nini, hakuna kitu. Na kweli hakuna kitu! Nilitaka kulia kwa furaha, mtu mzima.

Halafu tone likaanguka kwenye shuka. La kahawia. La pili likamwangukia dada mkononi.

Matundu ya misumari. Bati la zamani, matundu kila mahali, na mimi injinia nimelibebesha udongo! Tope linamdondokea dada yangu kitandani, na nimelipandisha mwenyewe.

Alitazama mkono. Sahani ikapasuka chini. Akaukimbilia mlango.

Nikamfuata mvuani, namwita. Nikafika kwa mzee Bura, pale kwenye banda lake la ng'ombe, bati jipya. Mvua inapiga pale — mawe yanakuja. Miguu ilikataa. Nikachuchumaa ukutani, mikono masikioni. Dada anaishia shambani namwona, na siwezi kunyanyuka. Nikafumba macho.

Kilichonigusa ni mikono. Ya baridi, ina tope. Dada amerudi. Alichuchumaa mbele yangu, akaziba masikio yangu juu ya mikono yangu mwenyewe. Midomo yake niliiona: Ni bati tu. Ony, ni bati tu.

Tulikaa hapo mpaka ikakatika. Mzee Bura alitoka, akatuona, akarudi ndani. Hakutania.

Ijumaa, 21 Novemba

Tunashusha udongo. Mimi juu, dada chini na koleo. Una unyevu, hataki kuutazama, anachota uso pembeni. Nikamwambia aache. Akasema, na wewe acha.

Halafu akasema, mimi mlio haujawahi kunitisha. Kinachonitisha mimi ni tope. Mlio ni wako.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 24 Novemba

Zahanati, tuko kwenye benchi. Nje mawingu yamefunga, mlima hauonekani. Dada kavaa kitenge kizuri, kanishika mkono wa shati kama tunavuka barabara. Njiani kaniuliza: nitamwambia Agatha mimi, au utasema mwenyewe?

Agatha katoa kichwa mlangoni. Kauliza mgonjwa wa leo nani. Dada kanitazama.

Tone la kwanza limepiga bati hapa juu.

Siku ile ya tope sikuwa Tunduma. Nilikuwa Katesh kwa dada, chumba cha pili, nimelala. Nilisikia mlio nikatoka dirishani. Irene alikuwa kitanda cha pembeni yangu, na sikumwamsha.