Hatua za Kaka Basili

Jumapili, 9 Machi 2025

Kaka Basili,

Leo kanisani nimetazama tena nafasi yako kwenye benchi la kwaya. Wiki ya sita tangu tukuzike. Mchungaji akasema tufumbe macho tuombe. Nikafumba — na miguu yangu ikapotea. Haikuuma, haikufa ganzi. Ilipotea tu, kama nimeiacha nyumbani. Kufumbua, nimemlalia begani mama Qamara, aliyekaa kando yangu. Akanisogelea kama ananisalimia. Akaninusa.

Na mimi nilikunusa hivyo hivyo, kila ulipotoka shamba unayumba. Hukuwahi kunuka pombe. Lakini wazee walipokunyima Meza ya Bwana kwa ulevi, nilinyamaza. Unisamehe.

Jumanne, 11 Machi

Nimenawa uso kwenye beseni, macho nimefumba. Nikajikuta nimeshika ukuta. Nimerudia mara tatu. Macho yakiwa wazi natembea vizuri. Karibu vizuri.

Nimekumbuka ulivyotazama viatu vyako siku ya harusi yako, njia nzima. Tukakutania kwamba ni vipya, unaogopa vumbi la Nangwa. Baba naye alitembea akitazama chini. Naye walisema ni gongo!

Ijumaa, 14 Machi

Katesh, kwa daktari. Kijana mpole, Adamu. Amenisimamisha miguu pamoja, nifumbe macho. Akanidaka.

Ameeleza polepole. Kuna njia za neva zinazopanda kutoka miguuni, kwenye uti wa mgongo, mpaka ubongo mdogo ulioko kisogoni. Kila dakika miguu inapeleka habari iko wapi, na mwenyewe hujui kama zinapita. Zangu zinapotea njiani. Zako pia, anadhani, kwa nilivyomsimulia.

Kwenye basi nimeshika kisogo. Kumbe siku zote kuna kitu humo kinaambiwa habari zangu, mimi siambiwi. Sasa nacho hakiambiwi.

Aliuliza kama nina watoto. Nikasema mmoja, Lucia, kidato cha pili. Akaacha kuandika. Akasema ugonjwa wa hivi unaweza kufuata damu, ila si kila mtoto anaupata.

Jumapili, 16 Machi

Jioni tumetoka bombani, mimi na Lucia, ndoo kichwani. Mama alikuwa jikoni. Unajua haoni tena, anatutambua kwa hatua. Nikaingia uani. Akaita, sauti ya kawaida kabisa:

"Basili, umerudi?"

Nikasimama. Maji yakanimwagikia shingoni. Nikasema ni mimi, Mama, Marieta. Akatega sikio. Kisha:

"Sawa, mwanangu. Na huyo anayekuja nyuma, mbona naye anatembea kama Basili?"

Nyuma yangu alikuwa Lucia tu.

Nimemwambia atue ndoo, anisubiri. Naandika hapa mlangoni. Namwona. Anawafukuza kuku, anacheka. Sijamwambia asimame miguu pamoja. Sijamwambia afumbe macho.

Kaka, huko uliko, utukumbuke.