Aliyepewa Kitabu Atakisoma

Wifi yangu Berita,

Vitabu vyako vimegawanywa. Naanza na hilo kwa sababu bado nina hasira, na wewe hukuwahi kuniambia ningoje ipoe kwanza.

Ulijua mambo yangekwenda hivyo. Siku ya tatu baada ya kukuzika tulikusanyika uani kwa mumeo, kaka yangu Zakayo, kunyolewa nywele za matanga, na vitu vyako vikawekwa kwenye mkeka: gauni, vikombe, mwavuli, jembe. Baba mdogo Shem ndiye aliyekuwa akigawa. Hayo niliyatarajia. Kisha nikaona wamebeba vitabu kutoka kwenye rafu yako, rundo baada ya rundo, wakavipanga kando ya vikombe.

Nilisimama. Nikawaambia vitabu hivyo vikae pale pale vilipokuwa, kwa sababu kila Jumapili baada ya ibada watu huja kuvisoma na kuvibishania chini ya upenu wako, na wataendelea kuja.

"Kitu cha marehemu hakikai mahali kikingojea arudi," akasema Baba Shem.

"Vitabu si vikombe, Baba."

"Ni nini basi? Keti chini, Nora. Wewe unagombananga hata na gazeti."

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka penye msiba wako, na najua wewe ndiye ungecheka zaidi.

Nikakaa, nikatazama. Kile cha mauaji katika hoteli akapewa katekista Yohana. Mashairi akapewa Festo, msimamizi wa wakataji miwa. Cha magonjwa ya ng'ombe akapewa shangazi, ambaye hana hata mbuzi. Baba Shem mwenyewe akachukua kinene kuliko vyote, historia ya wafalme wa nchi za mbali, akakipima uzito mkononi kama anayenunua kuku.

Nikaona yote yatakayofuata. Kurasa za kufungia njugu. Kurasa za kuwashia moto. Berita, umeondoka miwa ikiwa imefika mlangoni kwa kila mtu. Watu wameng'oa mpaka viazi ili wapande miwa. Mabati mapya, redio mpya, na ukimtajia mtu kitabu anakuuliza kama kuna mtihani. Nikajisemea, sasa ndipo anapokufa kwelikweli, hapa kwenye mkeka, mbele yangu, nami nimekaa kama gunia.

Nikasimama tena.

"Baba, mwavuli amepewa nani?"

"Si umeona? Shangazi yako."

"Atautumia?"

"Atautumia."

"Na aliyepewa gauni la marehemu akalikunja akalifungia sandukuni, hapa kwetu tunasemaje juu yake?"

Mama mmoja nyuma akajibu kwa niaba yake: "Tunasema amemkataa marehemu."

"Asante, Mama. Basi aliyepewa kitabu atakisoma. Asiyejua kusoma atasomewa. Na asiyekimaliza aje hapa Jumapili, asimame mbele ya watu, aeleze kwa nini amemkataa Berita."

Hata aliyekuwa akinyoa alisimamisha wembe. Katekista alikigeuza kitabu chake akatazama mwisho wake, nadhani akitafuta kina kurasa ngapi. Zakayo hakuwa amefungua mdomo tangu jeneza literemshwe. Akasema, "Ni kweli."

Nani angembishia mtu aliyefiwa na mkewe?

Baba Shem akainama, akachagua kitabu kimoja, akaninyooshea kwa mikono miwili kwa heshima zote. Kilikuwa kile chako cha mapenzi, cha nesi na seremala, ambacho mimi nilikuwa nakiita maji ya sukari na kukurudishia kila uliponipa.

"Na wewe utasoma hiki," akasema. "Chote."

Walipiga makofi, Berita. Msibani!

Sasa sikiliza. Hakuna Jumapili iliyopita bila watu. Zakayo ndiye anayetoa viti siku hizi, anavipanga kabla hatujafika, halafu anakaa mbali kidogo, kando ya tangi, ajifanye hasikii. Katekista anaapa kwamba muuaji ni daktari, na anakataa kuambiwa mwisho hata na mtu aliyekwisha kukisoma. Amekuwa akimwangalia vibaya daktari wa zahanati. Festo anawasomea wakataji mashairi asubuhi kabla hawajashika panga. Kuna moja la kusifu mvua, na kijana wake mmoja akamwambia, "Huyu mtu hajawahi kunyeshewa akiwa amebeba mzigo." Festo alikuja kulia kwangu kwamba wamelitukana shairi. Nikamwuliza, na wewe ulimjibu nini? Akasema alilisoma tena, polepole, na yule yule kijana akataka lirudiwe mara nyingine.

Na Baba Shem! Alikuja mvua ikinyesha, kitabu kimefungwa ndani ya koti, kichwa kitupu kikilowa. Hajaketi, anapiga kelele: "Huyu mfalme ni mjinga! Nani anaacha chemchemi anahamia kwenye mwamba?" Tulibishana naye mpaka giza likaingia. Anataka kujua kama kuna kingine kinachoendelea na habari za yule mtoto wa mfalme.

Wapo wanaotusengenya. Wanasema mkulima mwenye miwa iliyokomaa hahitaji kusoma kitu zaidi ya kalenda ya kiwanda cha sukari. Nawajibu hapa, kama nilivyowajibu sokoni: muwa hautakuuliza swali hata siku moja, na mtu asiyeulizwa swali huanza kuamini kila anachoambiwa kwenye mizani ya kiwanda. Waseme mimi ni mchokozi. Ni kweli mimi ni mchokozi.

Sasa habari ya nesi wako.

Ulikuwa ukiniuliza, "Umefika kwenye shati?" Nami nilikujibu kwamba sifiki, maana sina muda wa mwanamke anayengoja dirishani kurasa nzima. Nimefika kwenye shati, Berita. Nimefika pale anapolikunja la seremala baada ya mazishi, analikunjua, analikunja tena, kwa sababu akimaliza hatakuwa na kazi nyingine ya kumfanyia. Nililia. Usiyatumie machozi hayo kama ushahidi. Wiki ile ningelilia hata bei ya mbolea.

Kitabu bado ni kibaya. Nesi anangoja mno, mwandishi anaogopa kumpa hasira, na mwisho wake ni wa woga. Nilikuwa na hoja zote tayari, nikageuka kukwambia.

Jumapili hii ni zamu yangu kusimama, si kwa kukukataa, bali kukieleza kitabu nilichokimaliza. Nitasema yote hayo, na hakuna atakayenijibu kama ulivyonijibu wewe, kwa kidole na kwa dharau. Kwa hiyo nakuahidi hivi. Nikimaliza, nitavuka uani nisimame pale ulipokuwa unasimama, na nitakitetea kitabu chako kwa hoja zako zote, bila kupunguza hata moja.

Lala salama, wifi. Nitakutetea vizuri, naapa. Kisha nitarudi upande wangu na nitakushinda.

Nora